Kujishonea sketi ya mabaka ya chui: Somo la cherehani kutoka Serengeti na Tarime

MABAKA ya chui, milia ya pundamilia na madoa ya twiga si mambo mageni kwa mkazi wa Mugumu, mji ulio makao makuu ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 14,763, imeigusa wilaya hiyo, na Lango la Ikoma limo ndani ya mipaka yake.

Mapambo hayo hayo ya wanyama yamekuwa yakionekana pia mahali pengine kabisa: kwenye vitambaa vinavyotundikwa madukani na minadani, kuanzia Mugumu hadi Tarime na Sirari mpakani mwa Kenya. Mwanamke hununua yadi mbili au tatu, humpelekea fundi, kisha husubiri. Mara nyingi sketi hurudi ikiwa imelegea kiunoni na kubana kwenye nyonga, au mabaka makubwa mawili yamekaa sawia juu ya makalio kama macho yanayomtazama kila anayekuja nyuma.

Kasoro hizo hazitokani na uhaba wa kipaji. Zinatokana na vipimo vilivyochukuliwa haraka na kitambaa kilichokatwa bila kutazamwa. Mtu anayejishonea mwenyewe ana faida moja ambayo fundi wa barazani hana, nayo ni kwamba mwili anaoushonea yuko nao saa zote. Anaweza kuijaribu sketi mara tano kabla ya kupiga mshono wa mwisho.

Katika wilaya hizi mbili, hata hivyo, kujua kujishonea sketi ni jambo lenye uzito kuliko mapambo.

Msichana anayefika na nguo moja

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 8 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kwa Mkoa wa Mara kiwango kilikuwa asilimia 28. Utafiti kama huo wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umeonyesha asilimia 10 kitaifa na asilimia 32 kwa Mara. Takwimu zinashuka, lakini zinashuka polepole.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwishafanya ukeketaji wa msichana mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Pamoja na hayo, mwezi Desemba shule zinapofungwa ngariba huingia kazini, na kwa baadhi ya koo za Wakurya wa Tarime msimu mkubwa huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili. Msichana akishakeketwa huhesabiwa kuwa yu tayari kuolewa, na mahari ya ng'ombe huanza kuzungumzwa.

Wapo wanaokimbia. Katika Kijiji cha Masanga, Wilaya ya Tarime, kituo kilichoanza kupokea wasichana mwaka 2008 kimekuwa kikiendesha kambi za msimu wa ukeketaji. Mjini Mugumu, nyumba salama ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Mara, na mwaka 2017 Rhobi Samwelly, aliyekuwa akiiongoza, alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo lina nyumba salama Mugumu na Kiabakari wilayani Butiama. Filamu ya mwaka 2018 ya mtengenezaji filamu Giselle Portenier, iitwayo In the Name of Your Daughter, iliupeleka mkasa wa wasichana hao kwa watazamaji wa nchi nyingi.

Msichana anayetoroka usiku habebi sanduku. Hufika na nguo aliyoivaa. Msimu ukipita, baadhi hurejea kwao baada ya wazazi kukubaliana na maofisa wa ustawi wa jamii na polisi, lakini wengine hawana pa kurudi, na hao wanahitaji shule au kazi ya mikono. Ndiyo maana katika nyumba za aina hii cherehani ina nafasi yake pembeni ya daftari. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tarime nacho ni miongoni mwa vyuo vya aina hiyo nchini, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, ambako ushonaji ni fani ya kawaida.

Sketi ni nguo ya kwanza inayofaa kufundishiwa. Haina mikono, haina kola, na makosa yake hurekebishika. Lakini ina kiuno, na kiuno kinamfundisha mwanafunzi jambo la msingi katika ushonaji wote, yaani namna ya kukifanya kitambaa bapa kilizunguke umbo la duara.

Chapa, si ngozi

Kabla ya mkasi, neno moja kuhusu kitambaa chenyewe.

Kuvaa mnyama ni desturi ya kale. Ngozi ya chui ilikuwa alama ya utawala katika sehemu nyingi za Afrika, na Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire aliifanya kofia ya chui kuwa kitambulisho chake. Miongoni mwa Wakurya, koo zina wanyama wao wa heshima ambao wana ukoo hawapaswi kuwadhuru. Huko Paris, Christian Dior aliingiza chapa ya chui katika mkusanyo wake wa kwanza wa mwaka 1947, na tangu hapo mabaka hayo hayajatoka katika mitindo. Pwani ya Waswahili ilikwishatangulia: inasimuliwa kuwa khanga ilipata jina lake kutokana na ndege kanga, kwa sababu vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoa meupe kama manyoya yake.

Ngozi halisi, hata hivyo, si ya kuchezea. Chui amewekwa tangu mwaka 1975 katika kundi la wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imebanwa kuliko wote, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inaihesabu ngozi yake kuwa nyara ya Serikali. Kuwa nayo bila kibali ni kosa lenye kifungo kirefu, na mahakama ya Mugumu si ngeni kwa kesi za nyara. Kipande cha ngozi kisishonwe hata kama pambo la mfuko.

Tahadhari ya pili ni ya rangi. Mabaka ya kijani, kahawia na kijivu yaliyochanganyika bila umbo la mnyama ni chapa ya kijeshi, si ya chui. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Anayenunua kitambaa aangalie vizuri. Chui ana mabaka yenye pete nyeusi iliyokatika na kahawia katikati, juu ya msingi wa manjano. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, bila pete. Twiga wa Serengeti ana vipande vikubwa vyenye kingo za kuchanika kama jani la mzabibu.

Kuchagua kitambaa

Kwa anayeanza, pamba ndiyo mwalimu mpole. Kitenge cha pamba hakitelezi mezani, kinakubali pasi, na kinashika alama ya chaki. Vitambaa vya chui vinavyovutika, vile vinavyouzwa kwa suruali za kubana na magauni ya jioni, vinahitaji sindano ya aina yake na mshono wa kupindapinda. Kwenye cherehani ya kawaida ya kukanyaga mshono wake hukatika mara mvaaji anapoketi. Hariri bandia nayo iachwe hadi mkono uzoee.

Kikunjue kitambaa dukani na ukitazame upande wa nyuma. Kama rangi imepenya, ni dalili njema. Kama nyuma ni kweupe kabisa, chapa imekaa juu tu na itachujuka upesi. Kisugue kwa kitambaa cheupe chenye unyevu uone kama kinatoa rangi. Kisha kivute kwa urefu, uangalie kama safu za mabaka zinakwenda sambamba na ukingo wa kiwandani. Viko vitambaa ambavyo chapa imepigwa kwa mshazari, na hakuna fundi awezaye kuinyoosha: akifuata uzi wa kitambaa mabaka yatapinda, akifuata mabaka sketi itajisokota kwenye miguu.

Ukubwa wa chapa ni suala la maana kuliko rangi. Mabaka madogo, yasiyozidi upana wa vidole viwili, hushonwa kirahisi na huvaliwa mahali pengi. Mabaka makubwa ya twiga yanapendeza kwenye sketi pana na ndefu, lakini yanakula kitambaa kwa kuwa lazima yapangwe. Milia ya pundamilia ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kosa la sentimita moja kwenye mshono wa pembeni linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Anayeanza aanze na chui.

Kwa sketi inayofika chini ya goti, yadi mbili za kitambaa chenye upana wa sentimita 115 zinatosha. Chapa ikiwa kubwa, iongezwe nusu yadi. Vitu vingine ni zipu ya sentimita 20, kifungo kimoja au kishikizo, uzi wa rangi ya msingi wa kitambaa, na kipande cha kitambaa kigumu cha kutia ndani ya mkanda wa kiuno. Bitana inahitajika endapo kitambaa ni chepesi na mwanga unapita.

Kitambaa kiloweshwe kwanza. Pamba hunywea. Wengi huiloweka kwenye maji yenye chumvi wakiamini kuwa hushika rangi. Chumvi ikikosekana, maji matupu yanatosha kwa kazi muhimu ya kukinywesha kabla hakijakatwa. Kianikwe kivulini, kisha kipigwe pasi kikiwa na unyevu kidogo. Sehemu zisizo na umeme, pasi ya mkaa hufanya kazi hiyo hiyo, ila ifutwe majivu kwanza.

Vipimo vinne

Asiyejua mwili wake atashona sketi ya mtu mwingine. Vipimo vichukuliwe juu ya nguo nyepesi, mtu akiwa amesimama wima na kupumua kawaida. Kuvuta tumbo ndani ni kujidanganya, kwani sketi haitavuta tumbo pamoja naye.

Kiuno hupatikana kwa kufunga kamba nyembamba katikati ya mwili na kuinama kidogo kushoto na kulia. Kamba itajitafutia mahali pake. Nyonga, ambazo mafundi wengi huziita hipsi, hupimwa pale palipojaa zaidi, na wapo ambao pale palipojaa zaidi ni kwenye mapaja, si kwenye makalio. Kipimo cha tatu ni umbali wa kutoka kiunoni hadi nyonga, ambao kwa wengi hukaribia sentimita 20. Hiki husahaulika mara nyingi, nacho ndicho kinachosababisha sketi kuvimba pembeni. Cha nne ni urefu wa sketi.

Chukulia msichana mwenye kiuno cha sentimita 76, nyonga 98, na anayetaka sketi ya urefu wa sentimita 68. Sketi isiyo na nafasi ya kupumua haikaliki, hivyo kwenye nyonga aongeze sentimita 4, iwe 102, na kiunoni aongeze 2, iwe 78. Kila kimoja kigawanywe kwa nne. Robo ya nyonga inakuwa sentimita 25.5 na robo ya kiuno 19.5.

Tofauti ya robo hizo mbili ni sentimita 6, na hapa ndipo penye siri ya sketi inayokaa. Sentimita hizo 6 zikiondolewa zote pembeni, sketi itatoka na pembe kali ubavuni. Zigawanywe: sentimita 3 zipunguzwe kwa mchirizi laini wa pembeni, na sentimita 3 zimezwe na mkunjo mdogo wa pembetatu unaoanzia kiunoni na kuishia bila kitu chini yake. Mkunjo wa mbele uwe na urefu wa sentimita 10, wa nyuma 13, kwa kuwa makalio yako chini zaidi kuliko tumbo.

Chini, kila robo ipanuliwe kwa sentimita 4 kutoka kwenye mstari wa nyonga. Mzunguko wa pindo utakuwa sentimita 118. Upana huo si wa bahati nasibu. Usafiri wa Tarime na Serengeti kwa sehemu kubwa ni pikipiki, na sketi iliyobana magoti humlazimisha abiria ama kukaa upande ama kuipandisha. Wenye kupenda sketi nyembamba ya ofisini waweke mpasuo nyuma, usiozidi kimo cha goti.

Karatasi ya kukatia inaweza kutengenezwa kwa gazeti la zamani au mfuko wa saruji uliofunguliwa na kupanguswa vumbi. Mfuko wa saruji unadumu zaidi. Ukichorwa vizuri mara moja utakata sketi kumi.

Mkasi na mabaka

Sketi hii ina vipande vinne: mbele kimoja, nyuma viwili, na mkanda. Mbele hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa katikati, na mstari wa mkunjo ndio utakaokuwa katikati ya tumbo. Kabla ya kukunja, tandaza kitambaa chote na ukiangalie ukiwa umesimama mbali kidogo. Macho yatakuonyesha safu ambazo ukiwa karibu huzioni. Chagua mstari unaopita kati ya mabaka, si juu ya baka kubwa.

Vipande vya nyuma vinahitaji uvumilivu. Kata kimoja kwanza. Kisha kigeuze, ukilaze juu ya kitambaa kilichobaki, sura ikitazamana na sura, na ukisogeze mpaka mabaka ya pindo yalingane na yale ya chini yake. Hapo ndipo ukate cha pili. Kugeuza ni lazima, la sivyo utapata vipande viwili vya upande mmoja, na hakuna sketi yenye kulia mbili. Ukishamaliza, viweke pamoja kama vitakavyokaa mwilini na uone mabaka yameangukia wapi kwenye makalio. Kama yametulia penye macho, bado unayo nafasi ya kusogeza mkasi. Chapa zenye picha za wanyama wazima zina juu na chini. Twiga anayesimama kwa kichwa ni kosa la kawaida na halirekebishiki.

Kila ukingo uongezwe nafasi ya mshono: sentimita 1.5 juu, 2 pembeni na katikati ya nyuma, na 4 kwa pindo la chini. Kwa msichana ambaye bado anakua, pembeni paachwe sentimita 3 na pindo liwe la 6. Sketi hiyo itafunguliwa mwaka unaofuata na kuongezwa, na hakuna atakayejua. Katika nyumba ambamo nguo huhesabiwa kwa vidole, hili lina faida kuliko bitana.

Mkanda hukatwa kwa kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani, kwa sababu hizo hazivutiki kama za mshindio. Endapo kilichobaki hakiruhusu, ukatwe kwa mshindio na kitambaa kigumu cha ndani kifanye kazi ya kuuzuia. Urefu wake ni sentimita 78 za kiuno, 3 za kupishanisha kwenye kifungo na 3 za mshono. Upana ni 11, ili ukikunjwa utoe mkanda wa 4.

Bandi kwanza, mashine baadaye

Haraka ndiyo inayoharibu sketi nyingi katika hatua hii. Mikunjo ya kiunoni na mishono ya pembeni ipigwe bandi kwa mkono, kwa uzi wa rangi tofauti na hatua ndefu, kisha sketi ivaliwe ikiwa imegeuzwa ndani nje na upande wa nyuma umefungwa kwa pini. Rafiki mmoja asimame nyuma na kioo.

Kitambaa husema chenyewe kasoro ilipo. Mistari ya mlalo inayovutika kutoka nyonga hadi nyonga inasema sketi imebana, ifunguliwe pembeni. Mkunjo unaolala mgongoni chini kidogo ya kiuno unasema nyuma kuna urefu uliozidi, nao huondolewa kwa kuishusha mistari ya kiuno ya nyuma kwa sentimita moja au moja na nusu katikati, si kwa kubana pembeni kama wengi wanavyofanya. Pindo likipanda nyuma, makalio yanadai kitambaa zaidi: punguza mkunjo wa mbele kuwa sentimita 2 na uongeze wa nyuma kuwa 4. Kiuno kitabaki pale pale. Na mtu ambaye nyonga moja iko juu kuliko nyingine, jambo la kawaida kabisa, asione haya kushona upande mmoja tofauti na mwingine.

Keti. Inama. Panda ngazi kama ipo. Sketi inayopendeza mvaaji akiwa amesimama tu ni ya kwenye picha.

Yakisharidhisha macho, ndipo cherehani ianze. Iwe Singer ya zamani au Butterfly ya kukanyaga, ijaribiwe kwanza kwenye kipande kilichobaki, kikiwa kimekunjwa mara mbili. Uzi wa chini ukionekana juu, kaza ya juu imezidi. Kwa kitenge sindano namba 14 inafaa, na iwe mpya, kwani sindano butu huvuta nyuzi na kuacha vitundu ambavyo pasi haifuti.

Mikunjo ya kiunoni hushonwa kuanzia penye upana kwenda penye ncha, na nchani usirudishe mshono nyuma. Acha nyuzi ndefu uzifunge fundo kwa mkono, la sivyo patatokea kinundu kama chuchu. Ipigwe pasi ikielekea katikati. Kisha vipande viwili vya nyuma viunganishwe kuanzia chini hadi sentimita 20 kabla ya kiuno, na zipu itiwe sasa, sketi ikiwa bado bapa, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuliko baada ya kufunga pembeni. Zipu ipigwe bandi. Anayeirukia kwa mashine moja kwa moja mara nyingi huishia na upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na kwenye kitambaa cha chui tofauti hiyo haifichiki.

Pembeni pafuate, na kingo zake zifungwe kwa ovaloki. Ambaye hana mashine hiyo anaweza kukunja kila ukingo kwa ndani na kupiga mshono mmoja, kazi inayochukua muda lakini inayodumu.

Mkanda ukishatiwa kitambaa kigumu, uunganishwe kwa upande wa nje kwanza, ugeuzwe ndani, na ushikizwe kwa mkono. Wapo wanaopendelea lastiki nyuma na mkanda bapa mbele, na kwa mwanamke mjamzito au anayenyonyesha hilo ni wazo jema.

Pindo liwe la mwisho kabisa, na lisishonwe siku hiyo hiyo. Sketi itundikwe usiku mzima. Kwa kuwa pembeni imekatwa kwa mshazari kidogo, kitambaa cha sehemu hiyo hushuka chenyewe, na mtu anayekata pindo kabla ya hapo hushangaa kesho yake kuona pembe mbili zimening'inia. Asubuhi ipimwe kutoka sakafuni kwenda juu, si kutoka kiunoni kwenda chini, kisha ikunjwe na kushonwa kwa mkono kwa mshono usioonekana nje.

Sketi moja, safari nyingi

Sketi ya chui huchukiwa na wanaoamini kuwa ni ya sherehe tu. Ukweli ni kwamba msingi wake wa manjano na kahawia unakubaliana na vitu vingi ambavyo kila mwanamke anavyo. Blauzi nyeupe iliyoingizwa ndani huifanya ya ofisini na kanisani. Fulana nyeusi na viatu bapa huipeleka mnadani. Koti jeusi linaipeleka kwenye usaili wa kazi, au mahakamani, mahali ambapo wasichana wa nyumba salama hujikuta wakihitajika kutoa ushahidi. Kinachofaa kuepukwa ni chapa ya pili: blauzi ya maua juu ya sketi ya mabaka huleta ugomvi, na mkoba wa pundamilia unauchochea.

Kama kilichobaki kinatosha, kitoe kilemba au mkanda mwembamba, lakini si vyote kwa siku moja.

Kwa anayefikiria kuuza, sketi moja iliyokaa vizuri ni tangazo kuliko kibao. Ila vipimo vya mteja viandikwe katika daftari pamoja na tarehe, vyote vinne, na umbali wa kiuno hadi nyonga usiachwe. Mteja anayerudi baada ya miezi sita apimwe upya.

Kufua ni kwa maji baridi, sketi ikiwa imegeuzwa ndani nje, na ianikwe kivulini, kwani jua kali la mchana hufifisha nyeusi ya mabaka kabla ya rangi nyingine. Pasi ipigwe kwa upande wa ndani. Zipu ifungwe kabla ya kufua ili meno yake yasikwaruze kitambaa.